Maji ya Kumi na Moja

Maji ya kwanza ni uji wa mgonjwa,
mazito, meupe, huoni mkono uliouzamisha.
Nusu ndoo tu ya mchanga, si zaidi;
ukijaza utakoroga juu, chini kubaki kuchafu.
Sabuni hapana. Hata ndoo yenyewe,
kama iliwahi kufulia, iache iendelee kufulia.

Mama Nyemo amesimama mlangoni kwake, hapa Ilazo,
kanga begani, dumu tupu miguuni,
siku ya nne bomba linakohoa hewa.
"Jirani, unaosha nini?"
"Mchanga."
"Mchanga?"
Ananitazama kama aliyenikuta nikilichana jiwe nywele.
"Kwa maji ya kununua?"

Ningemwambia nini? Kwamba daktari wa meno wa Kisasa
anataka kipande cha bahari ukutani,
wagonjwa wakitazame, wasisikie keekee?
Kwamba mfuko huu ulipanda basi Tanga,
ukashuka Nanenane alfajiri, kilo ishirini na tano,
na kondakta akautoza nauli kama mtu mzima?

"Mchanga si tunao? Korongo zima."
Kweli. Niliujaribu wa kwetu kwanza.
Nikautia siki kwenye kisosi: kimya.
Nikapitisha sumaku ya spika mbovu,
ikatoka na ndevu nyeusi za chuma.
Wa Tanga, siki ilipougusa, ulichemka kidogo,
ukanong'ona kama soda inayokata roho:
huu ulikuwa gamba, ulikuwa nyumba ya kitu kilichoishi.

Maji ya nne ni maziwa ya duka.
Ya sita, maji ya mchele.
Kijiti. Uzi wa wavu wa bluu.
Kipande cha gando la kaa, au pengine si gando.
Ngozi inawasha pale vidole vinapoungana.

Na hapo, sijui kwa nini, nikamwona shangazi Mbeleje,
Bahi, kiangazi, amechuchumaa penye ardhi nyeupe
anakwangua udongo kwa kigae cha chungu.
Anautia kwenye chujio la nyasi, anamimina maji juu,
chini yanadondoka ya rangi ya chai.
Aliyachemsha mpaka sufuria ikabaki na munyu.
Udongo akautupa kule.
Yeye aliosha udongo, akaweka maji.
Mimi naosha mchanga, namwaga maji,
halafu nitanunua chumvi kwa kilo
kuurudishia mchanga kile nilichouvua.
Angecheka yule mama mpaka akae chini.

Ila simwagi. Ya saba na ya nane
Mama Nyemo ameyabeba, ya chooni.
Ya kwanza nilimkataza asipeleke bustanini:
yana chumvi, mchicha utatulaani.
"Kumbe mchicha unauhurumia," akasema,
akaondoka na ndoo bila kugeuka.

Ya tisa.
Ya kumi: nalaza sarafu juu ya mchanga,
nainama. Naona kichwa, sioni mwaka.
Ya kumi na moja: mwaka unasomeka.
Suuza ya mwisho ni maji ya chupa kubwa,
yale ya kunywa, na moyo unauma
kuliko vidole.

Kwa daktari nililaza mchanga kiganja kwa kiganja,
nikaweka sahani juu yake, maji yagonge sahani
polepole, kama unamwogesha mtoto kichwa.
Hata hivyo wingu likapanda.
Likajaza kioo kona hadi kona,
bahari nzima nyeupe
kama jicho la samaki aliyepikwa.

Siku ya pili ananipigia simu:
"Samaki lini?"
Nje upepo wa Agosti unapitisha wekundu wake,
Mama Nyemo anaanua mashuka, anayakung'uta kwa hasira.
Daktari, namwambia, vuta subira.
Vumbi halijatua.