Mchimba Vyoo Mbele ya Picha ya Kasri

Nilikuwa nimechimba vyoo mia mbili na saba,
visima tisa, makaburi sikuyahesabu,
Kabuzi alipokuja Ntusi na kalenda kwapani,
kalenda ya mwaka uliokwisha, ukurasa wa Oktoba.
"Sserubiri," akasema, "nataka hili."

Kidole chake kilikuwa juu ya maji.

Kasri la Wajerumani, limetua kidimbwini kama bata:
matofali mekundu, mnara mmoja mnene,
wa pili mwembamba, mdogo kwa wenzake kwa miaka mia mbili.
Miaka thelathini na moja aliendesha tramu huko,
kila Jumapili akilipa kiingilio, akilizunguka kwa miguu;
sasa amerudi na kiinua mgongo
na goti moja la chuma.

Alinisomesha tukikalia mifuko ya saruji.
Mwanzo lilikuwa boma la miti, la mtu mwenye ng'ombe na maadui.
Baadaye mawe, kuta zenye unene wa mtu aliyelala.
Ikaja mizinga, ukuta mnene ukawa upuuzi,
basi wakautoboa madirisha, mwanga ukaingia,
mjukuu akaongeza jiko, kitukuu akaongeza madeni.
Upande wa mashariki uliungua. Haukujengwa tena.
Siku hizi watu hukodi ukumbi kwa harusi.

"Na chini?" nikauliza. Mimi ni mtu wa chini.

Akacheka kwa furaha, hakuna aliyewahi kumuuliza.
Chini kuna tope, na ndani ya tope magogo ya mwaloni,
mamia, yamesimama wima kama askari waliozama kwenye gwaride.
Yakilowa hayaozi. Kausha handaki
na hewa itayafikia, yatageuka unga,
kasri litapasuka kuanzia sebuleni.
Yale maji ya kumzuia adui
ndiyo yanayoishika nyumba isianguke.

Usiku ule sikulala vizuri.

Nasi tuna mahandaki yetu,
mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli:
Bigo bya Mugenyi, ngome za Mgeni,
yamekatwa ardhini hadi kwenye mwamba,
makavu, majani yamejaa hadi kifuani.
Nilishuka humo nikayapima kwa jicho la kazi.
Kuta zimesimama. Pembe safi.
Nikatafuta jina la aliyechimba.
Hakuna. Jina ni la mgeni.

Tulianza Februari: mimi, Kanyange, na mapacha wa Nakyanzi.
Kabuzi alitaka mita sitini kuzunguka, tatu kwenda chini.
Mvua ya kwanza ikajaza handaki,
siku ya tatu likawa tupu, kama bakuli la mgonjwa aliyepona.
Changarawe haina siri, haifichi maji.
Tukabomoa vichuguu, tukaumwaga ule udongo,
ng'ombe wa Rwabushaija wakausaga kwa kwato
tangu alfajiri hadi saa nne, kwa malipo ya chumvi.
Ukashika.

Na ng'ombe hawasahau walikokanyaga.

Julai nyasi zikawa rangi ya karatasi.
Wakaja wale wale, na wengine nyuma yao,
pembe juu ya pembe, mbuga nzima ikigongana polepole.
Kabuzi alisimama darajani, daraja la winchi ya lori,
kofia ya tramu kichwani, mkono kwenye mpini.
Akazungusha mara mbili.
Daraja likapanda kiasi cha shubiri.
Ng'ombe mmoja mweupe aliinamisha shingo kutoka ukingoni,
ulimi haukufika.

"Sserubiri," akaniita, hakugeuka,
"nikatie mteremko hapa. Watavunjika miguu."

Kwa hiyo upande wa mashariki wetu haukuungua;
ni mimi niliyeuvunja, kwa jembe lile lile.
Nyumba yenyewe imeishia kwenye linta,
popo ndio wapangaji wa mnara.
Kazi ya kuchimba alinilipa kwa mita.
Ile ya kufukia tulisahau kupatana bei,
na hadi leo tukikutana dukani
tunaongea habari za mvua.