Daftari la Kijani, Jelgava

Kabla ya maabara palikuwa na banda la maziwa,
na kabla sijalijua banda, nilikuwa mchomeleaji
katika kiwanda cha vibasi, ng'ambo ya reli.
Kiwanda kilifungwa Jumanne. Nakumbuka
kwa sababu Jumanne ilikuwa siku ya mshahara.
Koleo ikavunjika; uhunzi
ukabaki umeketi ngazini, koti begani,
haujui uende wapi.

Miaka kumi na minne baadaye Profesa Dzintra Kalve
akaja kuniuliza kama bado najua kuchomelea alumini.
Chuo kilikuwa kimempa banda, ufunguo,
na meza tatu zenye harufu ya jibini.
"Nataka," alisema, "watu wa hapa wajue
kwa nini gari hutii."
Nikamwambia: gari halitii, Profesa. Gari husukumwa,
huvutwa, huteleza,
kisha sisi tunadai ndivyo tulivyokusudia.
Akacheka. Akaiandika ukutani kwa chaki.
Haijafutwa.

Fedha za mradi zilikuja zimeviringishwa ndani ya fomu
kama samaki wa moshi ndani ya gazeti.
Kampuni moja ya mbali ikatutumia kisanduku cheusi:
kitaongoza breki, usukani, mota, kila kitu,
mradi tusikifungue.
Vijana walishangilia. Profesa alikirudisha kwa posta.
Nguo ya kuazima haisitiri matako,
na baridi ya huku ina meno.

Basi tukaanza na gurudumu moja.
Gurudumu moja, sensa moja, waya mwekundu
ambao Ojārs, mwanafunzi wetu wa kwanza wa uzamivu,
aliuchomoa kwenye mashine ya kufulia ya shangazi yake.
Kompyuta ikauliza: unazunguka kwa kasi gani?
Gurudumu likajibu. Likachelewa.
Miezi mitano tuliishi ndani ya kuchelewa huko,
sehemu ya arobaini ya sekunde,
nyembamba kuliko ukope,
pana kiasi cha kupitisha kibasi kizima.

Februari. Ziwa limeganda. Skaidrīte usukanini,
kofia ya bibi yake imemfunika nyusi.
Kilomita hamsini kwa saa. Breki.
Kibasi kikageuka kutazama kilikotoka,
kikageuka tena, kama mtu aliyesahau ufunguo,
kisha kikajichomeka kwenye lundo la theluji hadi vioo.
Kimya.
Mlango ukafunguka kwa teke:
"Andikeni! Andikeni kabla sijasahau
gurudumu gani lilianza kudanganya!"

Huo ndio ukurasa wa kwanza.
Profesa alinunua daftari la jalada la kijani
na kuliwekea sheria moja: mafanikio yana majarida yake;
humu ni makosa tu, kwa wino, pamoja na jina.
Ojārs: waya umefungwa kinyume.
Mimi: kiungio kimepasuka kwa baridi.
Skaidrīte: nilikanyaga kabla ya kuambiwa.
Profesa mwenyewe: alama ya kutoa
palipostahili kujumlisha. Wiki tatu.

Kisha Ojārs akachukuliwa na Stuttgart.
Wawili wakamfuata, wakatuma kadi yenye picha ya mnara.
Mkaguzi akaja kutoka Riga, akahesabu viti vitupu,
akauliza, kwa upole kabisa,
uwezo mlioujenga uko wapi?

Profesa akamwonyesha mashine ya kupimia breki.
Mimi nilitaka kumwonyesha daftari,
lakini lilikuwa chini ya kibasi
pamoja na Elfrīda, mwaka wa kwanza,
miaka kumi na tisa, tochi mdomoni,
kidole kwenye ukurasa wa arobaini na mbili.
Akaitoa tochi.
"Hapa mlikosea mara mbili," akasema bila salamu.
"Mkarekebisha moja."

Nikapiga magoti kwenye saruji, magoti yakalia.
Nikatazama alipoonyesha. Kweli.
Miaka mitatu, mbele ya macho yetu sote.
Nikachomoa kalamu mfukoni, nikampa.
"Niandike jina la nani?" akauliza.

Nilikuwa bado nafikiri
mkaguzi alipoanza kutafuta koti lake.