Dhiraa Moja na Vidole Vinne

Kanda ilifika dukani kwa baba imetafunwa,
utepe nje kama utumbo wa kuku.
Aliileta Singano, mtoto wa karani wa mkonge,
kaivingirisha katika leso yenye damu ya pua:
yeye na kaka yake walikuwa wameigombea.

Mwalimu wa fizikia, Mwingereza wa magoti mekundu,
ndiye aliyewaachia mkataba ulipokwisha.
Upande huu wimbo mmoja, upande wa pili uleule,
magitaa yakikwaruza kama bati linaloburutwa barabarani,
na kijana akilalamika, hatujui kuhusu nini.
"Mvua," alisema Singano. "Analalamikia mvua."
Tukamwona mtu wa ajabu. Mwaka ule mahindi ya Pongwe
yalikauka yangali na urefu wa goti.

Baba alikuwa Amboni, kwenye redio ya meneja.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne,
wembe, na rangi ya kucha ya mama mdogo.
Nikaunyoosha utepe kwa mgongo wa kijiko,
palipokataa kunyooka nikakata,
nikaunga, nikapuliza, nikazungusha kwa penseli.
Kilichobaki mezani nilikipima, sijui kwa nini:
dhiraa moja na vidole vinne.
Nikakifagia pamoja na vumbi la risasi.
Sikumwambia. Nikamtoza shilingi hamsini.

Barabara ya Kumi na Sita, uani kwa Mama Nyange,
nyuzi za gitaa zilichambuliwa kwenye waya wa breki za baiskeli.
Ngoma ilikuwa debe, na debe lilikuwa na kutu.
Walicheza, wakarudisha, wakacheza,
na kila wimbo ulipofika pale nilipopita na wembe
uliruka,
kama mtu aliyekanyaga kaa la moto gizani.
Wiki nzima walijifunza kuruka.
"Wazungu hawa!" Singano akitikisa kichwa.
"Umeona wanavyokata?"

Mruko ule ukatoka uani.
Ukaingia harusi za Makorora, ukaingia Mabawa,
wachezaji wakajua wapi pa kunyanyua mguu;
wakauita kuvuka mtaro.
Bendi moja ya Muheza ikauiba, ikaapa ni wa babu zao.
Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la pilau
nikiwatazama watu mia mbili
wakiruka kosa langu kwa pamoja.

Juzi, Chumbageni, mpwa wangu Hoza
ameupata wimbo mzima kwenye simu.
Nikaweka chini kisu cha vitunguu.
Magitaa yakanyamaza. Besi ikabaki peke yake.
Kiti kikalia. Mtu akakohoa, mara mbili,
kikohozi kile cha chini, chenye maji,
kisha akahesabu kwa kunong'ona hadi nne.
Sekunde kumi na moja.

Hoza anajua habari zao, vijana hujua kila kitu:
walirekodi usiku mmoja chini ya duka la dobi,
mji wa viwanda vya nguo vilivyofungwa.
Aliyekohoa ni mpiga ngoma. Wenzake walitaka kufuta.
Hakufika masika, wakakiacha.
Na mimi nilikitupa jalalani na maganda ya mihogo.

Nikaenda stesheni. Singano ana banda la baiskeli,
mvi mpaka kwenye nyusi, ananyoosha rimu.
Nikamwambia yote, kijiko, wembe, rangi ya kucha.
Akazungusha gurudumu, akalisikiliza mpaka likasimama.
"Nirudishie hamsini yangu," akasema.
Akazungusha tena. Muda ukapita, treni ya mizigo ikapita.
"Hicho kikohozi," akauliza, "kilikuwaje?"
Nikakohoa, mara mbili, kwa chini, vile vile.
Akafumba macho, kidole kikigonga spoki.
"Tena."

Mteja aliyekuja kujaza upepo
akanitazama kwa huruma, akaniambia,
"Pole, mama."