Kuyazoa Maji

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwahi kupewa sururu na karani wa manispaa,
saa moja asubuhi, umande ungali kwenye mihogo,
wakaambiwa: chimbeni hapa,
mita tatu kwenda chini,
upana wa uwanja wa mpira na ziada.

Mimi nilishika kamba ya kupimia.
Khainza alishika upande wa pili,
Khainza ambaye mwaka juzi alipanda juu ya meza,
cherehani kichwani, mtoto mgongoni,
mvua ilipoteremka Wanale bila kubisha hodi
ikaingia Namakwekwe kwa mlango wa mbele,
ikatokea jikoni na sufuria zote.

Tulichimba wiki sita.
Udongo mweusi kwanza, laini, wa kupandia;
halafu mfinyanzi, mwekundu, mkaidi,
unaong'ang'ania koleo kama mdai.
Mhandisi Wepukhulu akasema tusikome hapo:
huo ni mfuniko tu, chini yake kuna mchanga,
na mchanga ndio unaojua kunywa.
Tukautoboa. Harufu ikapanda,
harufu ya mtungi mtupu.

Wapita njia hawakosi neno.
Mnachimba kaburi la nani?
Bwawa la samaki? Mbona halina maji?
Nandudu, aliyeuza nusu ya shamba lake tupate nafasi,
alikuja kila jioni
kuhesabu migomba ambayo haipo.
"Nimeuza matoke," akasema, "nikanunua shimo."
Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na mawe,
tukiyapanga mdomoni mwa mfereji
ili maji yakifika yaingie kwa adabu.

Ni vigumu kumweleza mtu
kitu ambacho kazi yake ni kukaa kitupu.
Ghala tupu ni aibu, chungu kitupu ni njaa;
lakini hili, likijaa na kubaki limejaa,
ndipo tumeshindwa.

Kisha ikaja ile ya Mei, ya usiku.
Nilitoka na tochi, gunia kichwani.
Niliyasikia kabla ya kuyaona:
yanashuka na matawi, kandambili, jerikani moja ya njano,
yameshika njia yao ya zamani, ya kwa Khainza.
Yakafika kwenye mawe.
Yakasita.
Yakapinda.

Usiku kucha yalizunguka humo kama ng'ombe wageni zizini.
Bomba la chini likayatoa kidogo kidogo,
Nabuyonga ukayapokea bila kelele.
Alfajiri Khainza alikuwa ukingoni, miguu mikavu.
Hakusema asante wala nini.
Aliyatazama, akayatemea mate:
"Leo mmelala nje nyinyi."

Siku ya tatu lilibaki tope
na nyayo za ndege.
Mengine yalikwenda mtoni. Mengine
hayakwenda popote tulipoweza kuona.

Januari, chemchemi ya bondeni,
ambayo kila kiangazi hugeuka foleni ya matusi,
ilikuwa ingali inatoa uzi wa maji,
unene wa kidole cha mtoto.
Huenda ni bahati. Wepukhulu anaandika daftarini,
anasema tungoje miaka mitatu ndipo tuseme.

Nandudu hakungoja.
Alikinga kikombe, akanywa taratibu,
akayazungusha maji mdomoni kama anayetafuta mwiba,
akameza.
"Haya," akasema, "ni ya kwangu.
Yana ladha ya migomba."