Bahasha Mbili

Theluji ya Aprili, mgeni asiyejua kuaga,
imelizika sanduku la barua hadi shingoni.
Nalifukua kwa glavu za kazini.
Ndani, bahasha mbili zimelaliana:
nene ya Annika, ina nembo ya chuo chenye minara;
nyembamba yangu, naijua
kama mtu ajuavyo kikohozi cha mdai wake.

Nina miaka arobaini na saba.
Miwili kati ya hiyo nilisomea miamba.
Mimi sikumaliza. Mkopo nao haujamaliza.
Sasa natengeneza tanuri za kupashia nyumba joto,
na hapa Duluth kazi hiyo haikauki,
na kila mwezi nalipia mawe
ambayo majina yake yamenitoka, ila basalti.
Elimu haina mwisho, nilizoea kusema.
Marlys hujibu: wala riba.

Usiku tunasogeza chumvi na sufuria ya viazi.
Elfu sitini na mbili kwa mwaka.
Toa ufadhili. Toa kazi ya maktaba.
Toa akiba ya bibi yake, aliyoiita “ya dhiki.”
Inabaki elfu ishirini na moja.
Zidisha kwa nne.
Marlys anafuta, anazidisha upya,
kana kwamba kalamu ndiyo iliyodanganya.
Juu ngazini ubao unalia:
Leif, miaka kumi na mitatu, anasikiliza
fungu lake likigawiwa.

Kukopa harusi, eti.
Harusi yenyewe sikumbuki kuila.

Kwenye fomu pana mstari wa mdhamini,
mfupi kuliko kidole changu cha gumba.

Annika anashuka, soksi haziendani, hakai.
Anaichukua bahasha nyembamba, isiyo yake,
anaisoma yote, hadi yale maandishi ya sisimizi
ambayo mimi sijawahi kuyafikia.
“Baba, mbona unadaiwa kuliko ulichokopa?”
Nikasema tanuri ya chini inanguruma,
nikashuka kuitazama.
Haikuwa inanguruma.

Niliporudi walikuwa wamelala.
Mstari bado mtupu.
Nyuma ya bahasha yangu, hesabu kwa mkono wake:
chuo cha jimbo, nauli ya basi, kulala nyumbani,
jumla imepigiwa mstari mara mbili.
Chini kabisa, pembeni, swali:
Miamba ilikuwa mizuri?

Nikasimama na kalamu iliyokuwa ikingoja sahihi.
Nikaandika: Sana.