Ubao wa Tisa

Alikuja Keko na kandambili, Tumpe,
vipimo vya ukumbi kaviandika kiganjani,
wino unayeyuka kwa jasho.
Alitaka sakafu. Nikamwambia zipo:
za mninga, za mkongo, za watu wenye hela.
Akasema, nataka inayorudisha.
Inarudisha nini?
Akaruka palepale, katikati ya maranda,
akatua juu ya zege langu, pwa,
akashika goti.
"Hii inachukua tu."

Miaka ishirini na sita natengeneza vitanda,
makabati, mimbari moja ya kanisa la Mtoni.
Sikuwahi kutengeneza kitu cha kurukiwa.
(Hata kitanda hurukiwa, alisema mke wangu,
akacheka peke yake.)

Nikaagiza msonobari wa Mafinga, mwepesi, wenye pumzi.
Gerezani nikakatiwa matairi vipande kama keki,
nikavipanga chini ya boriti.
Mbao arobaini na mbili, ulimi ndani ya mfereji,
juu hakuna msumari hata mmoja.
Ila ubao wa tisa ulikuwa na fundo,
na ukikanyagwa ulilia:
nyii.
Nikampigia: nipe siku moja niung'oe.
Akasema, usiuguse.
Nikadhani anabana hela. Elfu themanini zangu
mpaka leo anazo.

Ijumaa, Upanga. Wamenipa kiti cha mbele,
kushoto mama mwenye lulu, kulia kijana anayerekodi.
Taa zikazimwa. Ikaanza fidla moja, kisha ishirini,
muziki wa bwana mmoja wa Ulaya aliyekufa
kabla reli haijafika Morogoro.
Nikaujua!
Ni ule wa simu ya benki,
ule wa tafadhali subiri, mhudumu atakujibu.
Miaka yote nimeusikia
nikiwa nimebeba deni sikioni.
Sasa ulikuwa na miguu.

Wachezaji wanane. Nasra peke yake
kavaa viatu vya ncha, vile vya baleti;
wengine peku, nyayo zina sugu kama zangu viganjani.
Fidla zikipanda ngazi, wao wanashuka.
Fidla zikibembeleza, mabega yanakataa,
yanatetemeka kimdundiko
kana kwamba nyumba ya jirani anatolewa mwali.
Mama wa lulu akasonya.
Mimi nilikuwa natazama chini.
Kila walipotua, msonobari uliinama kidogo,
ukawapokea, ukafikiri,
ukawarudisha juu.
Nikahesabu maungio
kama mzazi anayehesabu watoto sokoni.

Halafu muziki ukakatika.
Umeme ulikuwepo. Ulikatika palepale
benki wanapokukatiza kusema wewe ni wa kumi na moja.
Kimya. Pazi akaja anatembea tu,
kama mtu anayepapasa swichi usiku,
akaweka kisigino.
Nyii.

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.
Ukumbi mzima umesikia kasoro yangu.
Akakanyaga tena. Nyii. Akaondoka, akarudi,
wenzake nyuma yake, mmoja mmoja, visigino vinane,
nyii, nyii, mpaka ikawa mwendo,
na fidla zikaingia juu yake
kwa sauti ileile iliyolia fundo langu.
Au ndivyo nilivyosikia.
Sikio langu ni la msumeno.
Lakini mama wa lulu alikuwa ameshika shingo yake,
hasonyi.

Watu walipotoka nilipanda jukwaani bila viatu.
Nikaukanyaga. Nikaukanyaga tena.
Tumpe, nyuma ya pazia: "Hela yako Jumatatu, fundi."
Nikamwambia, nyamaza kwanza.

Jumatatu hela haikuja.
Nikapiga simu benki kuulizia mkopo wa mashine ya kurandia,
wakaniweka kusubiri.
Fidla zikaanza.
Kijana wangu wa kazi akazima msumeno, ananishangaa,
maana nilikuwa nimevua kandambili,
simu sikioni,
na kisigino kimoja
kinatafuta kwenye zege mahali panapolia.