Kitalu Namba Saba

Nilishuka Mbalizi na mizani ya gramu,
vibao kumi na sita vyenye namba nyekundu
na barua yenye mhuri wa chuo,
nikapanda bodaboda hadi Ilembo, matope hadi magotini.
Pesa ya utafiti ilikuwa bado inashughulikiwa.
Morogoro nilitokwa jasho nikisoma habari za ukungu;
huku Umalila ukungu wenyewe ulinipokea mlangoni,
ukaingia kabla yangu.

Bi Subilaga Mwashitete alinikodishia robo eka nyuma ya jiko lake.
Akanitazama nikivuta kamba, nikipima,
nikichomoa vikaratasi ndani ya kofia
ili nijue kitalu kipi kipate nini.
"Chuo kizima," akasema, "na bado mnapiga kura?"

Nikamweleza: hivi vinapata dawa kila wiki,
hivi kila wiki mbili, hivi mvua ikizidi,
na hivi vinne havipati kitu.
"Havipati kitu kwa kosa gani?"
Nikasema ndivyo tutakavyojua kama dawa imefanya kazi.
Hakujibu. Alikuwa anamenya viazi,
na ganda lilishuka refu, halikukatika.

Machi mvua ikanyesha kama kibarua wa kipande.
Madoa yakatokea majanini, kwanza kama chai iliyomwagika,
kisha meusi,
kisha ile harufu.
Kila asubuhi niliinama na daftari nikikadiria:
asilimia kumi, arobaini, themanini.
Watoto wakaniita Bwana Ukungu.
Kitalu cha pili kikalala. Cha kumi na mbili kikalala.
Cha kumi na nne ungedhani kimemwagiwa maji ya moto.
Cha saba, kilichopakana na mlango wa jiko,
kilikuwa kimesimama.

Nikageuza jani. Matone ya samawati.
Mrututu!
Uliobaki wa kahawa ya kaka yake wa Mbozi, nilikuja kuambiwa,
ukakorogwa ndooni na chokaa ya ukutani,
ukanyunyizwa usiku kwa ufagio wa nyasi
na mwanga wa simu iliyoshikwa kwa meno.

Hakukana. Alinisogezea kigoda.
"Wewe unalala kule shuleni, mimi ndiye nafungua mlango huu.
Mgonjwa amelazwa kizingitini pangu
na mwenye dawa anapita na kalamu.
Vile vitatu viko mbali, nilikuachia.
Nilijizuia, mwanangu.
Ungejua nilivyojizuia."

Nikapanda kilima cha kanisa kutafuta mtandao,
nikamwandikia msimamizi wangu, Dokta Ngailo, kurasa mbili,
nusu yake kujitetea.
Jibu likaja siku ya tatu: Weka kistari. Endelea.

Miezi kumi baadaye, feni ikizunguka bila msaada,
mtahini akaweka kidole juu ya jedwali la nane.
"Hapa pana nini?"
Nikasema data haipo.
Sikudanganya. Ilikuwa imeliwa.
Siku ya mavuno alikataa kitalu kile kiguse mizani yangu;
alikijaza kwenye kiroba, akakifunga lumbesa,
kichwa kikichomoza kama cha mtoto mgongoni,
akakipakia mwenyewe kwenye basi la alfajiri.
Bweni zima tulikula wiki tatu.
Mwenzangu wa chumbani, mtu wa mahindi, aliuliza
ni dawa ipi imetoa viazi vitamu hivi,
nami nikamwongezea chumvi.

Tasnifu ina jalada la kijani, iko maktaba,
sijui kama kuna aliyeifungua.

Siku ya mahafali simu ikaita, joho likinibana shingo.
Hakuuliza habari za shahada.
Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga bati, na mtu akikohoa.
"Kile chetu cha saba," akasema,
"walikipa ngapi?"